Kinachopungua katika Kiswahili cha kemia ni vitenzi

Nimepokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa kemia anayeishi Gachororo, pale Juja. Jina lake nimelihifadhi, ila maneno yake nayaacha yalivyo: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne. Nimepewa kuandika juu ya ligandi za fosfini-borani kwenye rodiamu, hata sijui kama hivyo ndivyo yanaandikwa. Mzee wangu anauza nafaka Thika na ndiye ananilipia karo. Akiniuliza hiyo kitu unasoma ni nini, namwambia tu ni mambo ya dawa. Kwani Kiswahili hakina maneno ya hizi vitu?"

"Hiyo kitu" na "hizi vitu" tuyaweke kando, tutayarudia siku nyingine. Swali lenyewe lina uzito, na Juja ni mahali pake hasa. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilianza hapo mwaka 1981 kikiwa chuo cha kadiri, kwa msaada wa serikali ya Japani, kikapanda hadhi na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Ukishuka kwenye matatu langoni pake utasikia Kiswahili kutoka kwa utingo hadi kwa muuza chapati. Ukiingia katika ukumbi wa mihadhara ya kemia, Kiswahili kinabaki nje kama mtu aliyesahau kitambulisho. Wenzetu wa Dar es Salaam walijitahidi: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mimi sijakutana bado na mwanafunzi wa kemia wa Kenya aliyewahi kuifungua.

Watu wengi wakisikia swali kama la kijana huyu, mara moja hukimbilia majina. Tutaitaje rodiamu? Tutaitaje ligandi? Basi hubuni orodha, huigombania, na mwisho wa mwaka orodha hulala kabatini. Maoni yangu ni kwamba majina ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Majina ya vitu vya maabara yanakopwa na kila lugha duniani, na haya matatu tunayoulizwa leo yamekopwa kupitia nyumba za jirani zetu kabisa.

Chukua rodi. (Ndiyo, wapo wanaokata mkia wa "-amu" na kuandika kalisi, sodi, rodi, na wapo wanaouacha, wakaandika kalsiamu, sodiamu, rodiamu. Mimi nakata. Msomaji wa Juja asidhani nazungumzia barabara ya Thika.) Metali hii ilitangazwa London mwaka 1804 na William Hyde Wollaston. Aliona kwamba chumvi zake zina rangi nyekundu iliyopauka, ya kupendeza, akaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya ua fulani, rhodon. Ua hilo ni waridi. Tena wanaisimu wanatueleza kwamba neno hilo la Kigiriki na neno la Kiarabu ward, ambalo ndilo lililotuletea "waridi", yote mawili yanarejea katika lugha za kale za Uajemi. Kwa hiyo rodi na waridi ni binamu. Mmoja alipitia Ugiriki na Ulaya, mwingine alipanda jahazi akashukia Mombasa. Wamekutana tena Juja baada ya zaidi ya miaka elfu mbili, na hakuna aliyewatambulisha.

Boroni nayo ina safari kama hiyo. Humphry Davy huko Uingereza, na Gay-Lussac na Thénard huko Ufaransa, waliitoa mwaka 1808 kutokana na ile chumvi nyeupe iitwayo boraksi. Jina boraksi lilifika Ulaya kutoka kwa Waarabu, buraq, nao walilipata kwa Waajemi, burah. Mkulima wa kahawa wa Ruiru hana haja ya kuelezwa habari hizi za kale. Yeye anaijua boroni kwenye mbolea ya kunyunyizia majani, maana mkahawa ukiikosa ncha za matawi hufa. Ni virutubishi vinavyohitajika kwa kiasi kidogo mno, na umuhimu wake kwa mimea ulithibitishwa na Katherine Warington mwaka 1923, akitumia mimea ya maharagwe mapana.

Fosforasi ilipatikana mwaka 1669 na Hennig Brand wa Hamburg, aliyekuwa akitafuta dhahabu ndani ya mikojo. Hakuipata dhahabu, akapata kitu kinachong'aa gizani. Jina lake la Kigiriki maana yake ni mchukua nuru. Sisi tuna usanisinuru katika vitabu vya biolojia, kwa hiyo lau tungetaka tungeweza kutunga kitu cha aina hiyo, lakini kwa nini tujisumbue? Fosforasi tunayo jikoni tayari. Ule ukanda wa kahawia ubavuni mwa kasha la kiberiti una fosforasi nyekundu ndani yake. Na kiberiti chenyewe, kibriti kwa Kiarabu, ni salfa. Sisi tulichukua jina la salfa tukalipa kijiti cha kuwashia moto, halafu salfa ilipohitajika darasani tukaenda kukopa upya. Lugha hufanya hivyo bila kuomba ruhusa kwa baraza lolote.

Basi majina tumeyamaliza. Sasa mzee wa Thika.

Yeye anaijua fosfini kuliko mwanawe anavyodhani, ila hajui kwamba anaijua. Wauzaji wengi wa nafaka huhifadhi mahindi kwa tembe za kufukizia, ambazo ndani yake mna fosfidi ya alumini. Tembe ikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo fosfini: atomu moja ya fosforasi iliyoshika atomu tatu za hidrojeni. Inapenya hadi katikati ya gunia na kumuua fukusi. Humuua binadamu vilevile, kwa kuzizuia seli zisiweze kutumia oksijeni ambayo damu imeziletea, na hakuna dawa maalumu ya kuipinga. Mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua si kipimo cha kuaminiwa. Unaweza usinuse kitu na bado ukawa hatarini.

Sasa angalia lugha ilivyotufanya. Kile kibati cha tembe tunakiita "dawa ya mahindi". Neno dawa tumelipa mzigo mkubwa: dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya mende, dawa ya mahindi. Anayesikia dawa husikia uponyaji. Anayeambiwa kwamba tembe hii, ikiguswa na unyevu, inatoa gesi iitwayo fosfini, naye akaelezwa gesi hiyo inafanya nini ndani ya mwili, hatalaza watoto chumba kimoja na magunia yaliyofukizwa. Kibandiko cha kibati huyasema hayo, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa herufi za kuhitaji miwani. Kwa sababu hiyo namwambia kijana wa Gachororo kwamba jibu lake la "mambo ya dawa" limempunja babake. Mzee angeelezwa fosfini ni nini, angefaidika leo hii dukani kwake, kabla hata hajafika kwenye rodi na boroni.

Fosfini za maabara anazozisoma kijana ni jamaa za gesi hiyo. Hidrojeni zimeondolewa na mahali pake pakawekwa vikundi vya kaboni, vikubwa, vizito. Nyingi si gesi tena. Lakini tabia moja imebaki, na tabia hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Fosforasi ina elektroni tano za nje. Tatu hushughulika na majirani watatu. Zinabaki mbili, jozi, zimekaa bila kazi. Boroni nayo ina elektroni tatu tu za nje. Ikishashika majirani watatu imekwisha, na bado ina nafasi tupu ya jozi moja. Boroni ni matatu iliyosimama steji ya Juja, utingo ananing'inia mlangoni akipaza sauti: wawili bado, wawili bado! Na fosforasi ndiyo yenye abiria wawili. Wakikutana, jozi ile ya fosforasi hukaa katikati yao, ikawashika wote wawili. Kitu kinachopatikana ndicho fosfini-borani.

Je, kwa Kiswahili tutasema fosforasi imefanya nini? Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo orodha za istilahi hutuacha solemba, maana orodha hujaa nomino.

Jaribu "imeazima". Neno hili ni mtego. Kuazima katika Kiswahili ni kutoa kwa muda na pia kupokea kwa muda. "Nimeazima jembe" haikwambii jembe ni la nani. Katika kemia mwelekeo ndio kila kitu, kwa hiyo kuazima hakufai. Jaribu "imeikopesha". Mwelekeo sasa uko wazi, kwa sababu kukopa na kukopesha ni mambo mawili. Lakini mkopo hutoka mikononi mwa mwenyewe, na fosforasi haijaiachilia jozi yake. Bado inaishika upande mmoja. "Imeipa" ina kasoro hiyohiyo.

Mimi nachagua kuchangia. Kila Mkenya anajua harambee. Katika kifungo cha kawaida kati ya atomu mbili, kila moja huleta elektroni moja mezani, hizo zimechangiana. Katika fosfini-borani, mmoja ameleta zote mbili na mwenzake amekuja mikono mitupu, lakini chungu ni cha wote. Fosforasi imeichangia boroni. Ukisema hivyo umesema ni nani mtoaji, ni nani mpokeaji, na kwamba kilichotolewa kinatumiwa kwa pamoja. Vitu vitatu katika kitenzi kimoja, na kitenzi hicho mzee wa Thika amekitumia Jumapili iliyopita kanisani au msikitini.

Kwa nini wanakemia wanashughulika na jambo hili? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Fosfini nyingi zinaharibika hewani; oksijeni huikimbilia ile jozi. Ukiichangisha jozi hiyo kwa borani kwanza, umeifunika sufuria. Unaweza kuifanyia molekuli kazi nyingine kwa utulivu, na siku ya kuitumia fosfini unaifunua kwa kutia amini, ambayo nayo ina jozi yake na huivuta borani iende kwake. Tsuneo Imamoto wa Japani na wenzake walitumia kifuniko hiki, kuanzia miaka ya 1980 na 1990, kutengeneza fosfini ambazo atomu yake ya fosforasi ina upande wa kushoto na wa kulia, kama mikono yetu.

Sababu ya pili ndiyo inayonifurahisha mimi mtu wa lugha. Kwa desturi, metali kama rodi hukaa katikati na kuzungukwa na molekuli zinazoichangia. Hizo ndizo ligandi. Ligandi hutoa, metali hupokea; hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Lakini tengeneza molekuli yenye mikono miwili ya fosfini na boroni katikati yao, boroni ambayo haijachangiwa na yeyote, nafasi yake ikingali wazi. Fosfini mbili zinaishika rodi. Boroni inasogezwa karibu na rodi kwa lazima, kwa kuwa imefungwa kwenye mwili uleule. Na sasa rodi, yenye elektroni zake, inaiona nafasi tupu. Mwaka 2006 Didier Bourissou na wenzake wa Toulouse, Ufaransa, walionyesha jambo hili kwenye rodi: elektroni zinatoka kwenye metali kwenda kwenye boroni. Mshale umegeuka.

Vitabu vinahitaji aya nzima kulieleza hilo. Kiswahili kinahitaji sentensi moja: rodi inachangiwa na fosforasi huku ikiichangia boroni. Kauli ya kutendwa upande mmoja, kauli ya kutenda upande wa pili, na kiambishi cha mtendwa "-i-" kikionyesha kidole palipo boroni. Sarufi yetu ya vitenzi, ile ambayo wanafunzi huilalamikia kwenye mtihani wa karatasi ya pili, imekaa tayari kwa kazi hii tangu zamani.

Neno ligandi lenyewe halisemi lolote juu ya utoaji wala upokeaji. Linatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kufunga, na aliyeliingiza katika kemia ni Mjerumani Alfred Stock, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Stock huyo ndiye pia aliyeanzisha kemia ya borani. Hizi borani nyepesi huwaka zikigusana na hewa, kwa hiyo alibuni mitambo ya kioo isiyo na hewa ndani, yenye vali za zebaki. Mvuke wa zebaki ukamdhuru taratibu kwa miaka mingi, hadi mwaka 1926 akaandika kuwaonya wenzake. (Zebaki, kwa Kiarabu zi'baq, nayo imetoka Uajemi. Waajemi wametuzunguka leo.) Wapo watakaotaka tuite ligandi "kishikizo" au "mfungamani". Siwazuii. Lakini mimi naona ligandi ibaki jina, na kazi ya kueleza tuwaachie vitenzi: inashika, inachangia, inachangiwa.

Kuna upande mmoja ambao nabadilisha msimamo wangu, nao ni maumbo. Boroni kwa uhaba wake wa elektroni haikai peke yake kwa raha. Hujikusanya. Atomu tatu zinaweza kushikwa na jozi moja tu, jambo lililofafanuliwa vizuri na William Lipscomb, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Zikijikusanya 12 hufanya umbo la nyuso 20, kila uso pembetatu. Ukitaka kuliona, chukua ule mpira wa kandanda wa kizamani wenye vipande vyeupe na vyeusi. Vyeusi viko 12. Weka atomu ya boroni katikati ya kila kimoja, na umbo umelipata.

Umbo hilo likiwa limefungika pande zote, wanakemia huliita closo, kutokana na neno la Kigiriki la kizimba. Ukiondoa kona moja, likafunguka upande, huliita nido, Kilatini cha kiota. Ukiondoa mbili, likawa wazi zaidi, huliita arachno, Kigiriki cha buibui, kwa maana ya utando wake. Hawa wazungu walipohitaji majina walikwenda kwenye miti na kwenye kona za nyumba, wakavalisha walichokiona nguo ya Kigiriki. Sisi tuna haja gani na nguo hiyo? Muundo kizimba, muundo kiota, muundo utando. Kukopa neno nido na kulitohoa liwe "nidoo", wakati kila mtoto wa Juja amewahi kuchungulia kiota, ni uvivu, na nasema hivyo kwa heshima zote kwa wanaotohoa. Jina la elementi halielezi kitu, kwa hiyo likikopwa hatupotezi. Jina la umbo linaeleza, kwa hiyo likikopwa tunapoteza maelezo.

Tazama faida yake. Katika miaka ya 1970 M. Frederick Hawthorne na wenzake wa California walichukua kiota chenye boroni tisa na kaboni mbili, wakakiweka rodi mdomoni, pale kona ilipokosekana. Rodi ikakikalia kiota kama ndege, kiota kikawa kizimba tena, na nje ya rodi zikabaki fosfini mbili na hidrojeni moja. Nimeisema kwa maneno ambayo mtu yeyote wa Kiambu anayo, nami sijapunguza chochote cha kisayansi.

Kizimba hicho chenye rodi ni kichocheo. Kadhalika rodi iliyoshikwa na fosfini tatu aliyoitumia Geoffrey Wilkinson katikati ya miaka ya 1960. Kadhalika ile ya William Knowles, ambayo fosfini zake zenye kushoto na kulia zilifanya rodi itengeneze dawa ya ugonjwa wa Parkinson ya mkono mmoja tu, ule unaofaa mwilini. Knowles alituzwa Nobel mwaka 2001. Hapo kijana angesema "mambo ya dawa" nami ningenyamaza. Rodi hukaa pia katika kile kifaa cha kusafisha moshi chini ya magari, na bei yake mwaka 2021 ilipita dola 20,000 kwa aunsi, ndiyo maana wezi wa miji mingi duniani hulala chini ya magari ya watu usiku.

Kichocheo ni neno zuri. Linatoka kwenye kuchochea moto, na kijiti cha kuchochea husogeza kuni bila chenyewe kuwa kuni. Shida inaanza tunapotaka jina la tendo. Kwa kanuni za unyambulishaji, kazi ya kichocheo ni uchochezi. Sasa mwambie mzee wa Thika kwamba mwanawe anasomea uchochezi pale Juja, tena katika nchi hii ambapo neno hilo limewapeleka wanasiasa mahakamani. Nimeona waandishi wakijaribu "uchocheaji". Kimatamshi ni kizito kidogo, lakini hakina kesi, na kinaonyesha tendo linaloendelea. Nitakitumia hicho hadi msomaji atakaponiletea kingine.